Kuandika Mwongozo wa Orodha ya Kazi za Wakala wa Akili Unde: Saa, Siku na Njeo za Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa programu inayoorodhesha kazi ambazo wakala wa akili unde amepangiwa kuzifanya baadaye. Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa lugha? Si kazi ya watu wa kompyuta? Jibu letu ni kwamba programu yenyewe ni kazi yao, lakini mwongozo wake ni maandishi, na maandishi ni kazi yetu. Aidha, tutaonyesha kuwa sehemu kubwa ya makosa yanayoweza kutokea katika orodha ya namna hii hayatokani na mashine. Yanatokana na saa ya Kiswahili, majina ya siku za juma, njeo za kitenzi na upatanisho wa kisarufi, yaani mambo yale yale tunayoyafundisha kila muhula.

Hapa Juba jambo hili lina uzito wa pekee. Sudani Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, na tangu wakati huo haja ya Kiswahili katika ofisi, biashara na elimu imeongezeka. Wanafunzi wetu hawatoki katika chungu kimoja. Wapo waliojifunza Kiswahili katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, wapo waliokipata shuleni Uganda, wapo waliokiokota kwa wafanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, na wapo wanaokianza darasani kwetu wakiwa na Kiarabu cha Juba na Kiingereza tu. Mwongozo mmoja utasomwa na wote hawa. Kama haukuandikwa kwa uangalifu, kila mmoja atasoma saa yake na siku yake.

1. Kazi iliyopangiwa wakati ni nini?

Wazo la kuipa kompyuta kazi ya baadaye si geni. Mwaka 1979 mfumo wa Unix, toleo la saba, kutoka maabara ya Bell nchini Marekani, ulikuwa na programu ndogo iitwayo cron. Jina hilo linahusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Mtumiaji anaandika mstari mmoja wenye sehemu tano za wakati, kisha amri. Sehemu hizo kwa mpangilio ni dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Mwaka 1987 Paul Vixie alitoa toleo lake la cron, na toleo hilo likaenea sana. Mpaka leo mtu akiandika crontab -l katika kompyuta ya Linux, huonyeshwa orodha ya kazi alizozipanga.

Wakala wa akili unde ni hatua nyingine. Cron hutekeleza amri ile ile kwa namna ile ile. Wakala hupewa maelekezo kwa lugha ya kawaida, kwa mfano: soma barua pepe za ofisi, chagua zinazohusu mitihani, andika muhtasari, kisha uutume kwa mkuu wa idara. Hatua za kufikia lengo anazichagua mwenyewe, na matokeo ya leo yanaweza yasifanane na ya jana. Mwezi Januari 2025 kampuni ya OpenAI ilianza kuwapa baadhi ya watumiaji wa ChatGPT nafasi ya kupanga kazi za baadaye, na programu nyingine zenye uwezo kama huo zipo.

Kutokana na tofauti hiyo, orodha inakuwa na umuhimu mkubwa zaidi kuliko zamani. Mtu aliyepanga kazi anaweza kulala, kusafiri au hata kuhama ofisi, na kazi ikaendelea kufanyika kwa jina lake. Orodha ndiyo mahali pekee ambapo binadamu anaweza kuona kwa mara moja: ni kazi gani zimepangwa, nani alizipanga, zitafanyika lini, na mara ya mwisho zilifanyika vipi. Asiyeweza kuisoma orodha hawezi kuisimamisha kazi iliyokosewa. Hili ndilo jambo linalotufanya tuseme kuwa mwongozo wa Kiswahili si pambo.

Tuongeze pia suala la gharama. Kazi iliyopangwa kufanyika kila dakika 15 hufanyika mara 96 kwa siku, na mara 2,880 katika mwezi wa siku 30. Pale ambapo matumizi ya wakala hulipiwa, na intaneti hununuliwa kwa vifurushi, mstari mmoja uliosahauliwa katika orodha ni fedha inayotoka kila robo saa.

2. Istilahi: wakala, wakili na wenzao

Kiswahili hakianzi safari hii leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wakati huo kazi kubwa ilikuwa kupata neno moja la kuweka juu ya kitufe: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Mwongozo tunaouzungumzia hapa unadai zaidi ya hapo, kwa kuwa wakala hupewa sentensi nzima na orodha yake huandikwa kwa sentensi. Hata hivyo, hatuna budi kuanza na maneno.

Kwa dhana yenyewe, maneno matatu yanashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Katika makala haya tunatumia akili unde. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi unda kwa njia ile ile inayotupatia teule kutokana na teua, na shinde kutokana na shinda. Halibebi maana ya kitu cha kughushi kama linavyofanya neno bandia. Mwandishi anaweza kuchagua jingine, lakini akishachagua asibadilishe katikati ya mwongozo. Tunakumbuka jinsi kompyuta, tarakilishi na ngamizi zilivyowachanganya wasomaji wa kitabu kimoja kwa kutumiwa kwa zamu.

Neno wakala linahitaji maelezo zaidi hapa Juba kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Mwanafunzi anayejua Kiarabu analifahamu neno wakil kwa maana ya mtu anayemwakilisha mwingine, na wakala kwa maana ya ofisi au shirika. Katika Kiswahili maneno haya yamehama. Wakili ni mwanasheria wa mahakamani. Wakala ni mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, kama vile wakala wa kutoa na kuweka fedha kwa simu. Wakati huo huo Tanzania hutumia wakala pia kwa taasisi za serikali, kama ilivyo katika Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akisoma "wakala ametuma ujumbe" anaweza kuelewa kuwa ofisi imetuma, au wakili ametuma, au mtu wa fedha za simu ametuma. Tunapendekeza mwongozo ufafanue neno hili katika ukurasa wa kwanza kabisa: wakala ni programu ya akili unde inayofanya kazi kwa niaba ya mtu aliyeipa maelekezo.

Kwa kitu kinachoorodheshwa, tunapendekeza "kazi iliyopangwa". Ni maneno mawili ya kila siku, na kila msomaji anayafahamu. Neno ratiba tuliachie mpango wa wakati wenyewe, yaani kila lini. Kazi ni kinachofanyika, ratiba ni lini, na orodha ni mahali pa kuviona vyote viwili.

3. Saa: mbili ni nane

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kueleza kuwa saa moja asubuhi ni pale mshale unapoonyesha saba. Hesabu ya Kiswahili huanza na mapambazuko na machweo, ilhali kompyuta huhesabu kutoka saa sita usiku, kuanzia 0 mpaka 23. Tofauti yake ni saa sita. Katika mazungumzo kosa husahihishwa papo hapo. Katika orodha ya kazi hakuna wa kusahihisha.

Tuchukue kazi inayotakiwa kufanyika saa mbili asubuhi. Katika cron sehemu ya saa huandikwa 8. Mtu akiandika 2, kazi itafanyika saa nane usiku. Hapa Juba, ambapo ofisi nyingi hutegemea jenereta au umeme wa jua, saa nane usiku kompyuta ya ofisini ina uwezekano mkubwa wa kuwa imezimwa. Cron ya kawaida hairudii kazi ambayo wakati wake ulipita mashine ikiwa imezimwa. Inaiacha. Kuna programu nyingine, kama anacron, iliyotengenezwa mahususi kufidia kazi zilizopita. Hivyo mwongozo wowote utakaotumika katika mji unaokatikakatika umeme lazima ujibu swali hili waziwazi: kazi iliyopitwa na wakati hufidiwa au hufutwa?

Jambo la pili ni saa za mahali. Tarehe 1 Februari 2021 Sudani Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaacha saa za Afrika Mashariki na kufuata saa za Afrika ya Kati. Tangu siku hiyo Juba iko mbele ya saa za kimataifa za UTC kwa saa mbili, na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa tatu. Maana yake, saa tatu asubuhi ya Nairobi ni saa mbili asubuhi ya Juba. Mwenzetu wa Nairobi akisema "tukutane saa tatu", hajatuambia kitu mpaka aseme saa tatu ya wapi.

Kompyuta nyingi za kupangisha mitandaoni huwekwa katika saa za UTC. Ukiandika 8 katika kompyuta ya namna hiyo bila kutaja eneo, kazi itafanyika saa nne asubuhi ya Juba, wakati kipindi cha kwanza kimekwisha. Vilevile, kompyuta ambayo kumbukumbu zake za saa za dunia hazijasasishwa tangu kabla ya Februari 2021 itadhani Juba bado iko sawa na Nairobi, na itafanya kazi saa moja kabla ya wakati. Dawa yake ni kutaja eneo kwa jina linalotambuliwa na mifumo ya kompyuta, Africa/Juba, na kuhakikisha kuwa mfumo umesasishwa.

Kwa upande wa maandishi, tunapendekeza kanuni moja rahisi: kila saa katika mwongozo iandikwe mara mbili, kwa Kiswahili na kwa hesabu ya kompyuta, kisha itajwe ni saa za wapi. Mfano: saa 2:00 asubuhi (08:00), saa za Juba. Msomaji wa Kakuma, wa Kampala na wa Konyo Konyo wote wataelewa kitu kimoja.

Tusisahau usiku. Kwa kompyuta siku hubadilika saa sita usiku. Kwa wazee wengi wa pwani siku hubadilika jua linapozama, ndiyo maana "usiku wa Ijumaa" kwao unaweza kuwa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kiswahili kina njia nzuri ya kuondoa utata huu: usiku wa kuamkia Ijumaa. Kazi inayofanyika Ijumaa saa 02:00 iandikwe "saa 8:00 usiku wa kuamkia Ijumaa".

4. Siku za juma: tatu kasoro mbili

Sehemu ya tano ya cron ni siku ya juma, na hapa ndipo mwanafunzi wetu anapokutana na hesabu tatu kwa wakati mmoja. Kiswahili huhesabu kutoka Jumamosi, yaani mosi. Kiarabu huhesabu kutoka Jumapili. Cron huhesabu kutoka Jumapili pia, lakini huanza na sifuri. Tazama siku tunayoiita Jumatatu: kwa Kiswahili jina lake lina tatu, kwa Kiarabu lina mbili, na kwa cron ni 1.

Kiswahili chenyewe kina tano mbili katika juma moja. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya kuanzia Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu. Mwanafunzi anayejua Kiarabu huiweka Alhamisi mahali pake bila shida, kisha hujikwaa kwenye Jumatano.

Tunapowafundisha wanafunzi, kanuni ifuatayo inafaa: kwa siku zenye namba katika jina, kuanzia Jumapili mpaka Jumatano, ondoa mbili. Pili ondoa mbili unabaki na 0. Tatu ondoa mbili unabaki na 1. Nne inakuwa 2, na tano inakuwa 3. Baada ya hapo endelea kuhesabu: Alhamisi 4, Ijumaa 5. Jumamosi, ambayo kwa jina ni ya kwanza, kwa cron ni ya mwisho: 6. Hivyo mstari unaoanza na 0 8 * * 1 husomwa: dakika ya 0, saa 2:00 asubuhi (08:00), tarehe yoyote, mwezi wowote, Jumatatu. Nyota maana yake ni yoyote.

Kuna mtego mmoja wa viunganishi. Mtu akijaza tarehe na pia siku ya juma, kwa mfano 0 8 1 * 1, cron haingojei Jumatatu iangukie tarehe 1. Hufanya kazi kila tarehe 1, na hufanya tena kila Jumatatu. Mwongozo ukisema "tarehe 1 na Jumatatu", msomaji ana haki ya kuelewa masharti yote mawili kwa pamoja. Iandikwe: kila tarehe 1, na pia kila Jumatatu, hata kama si tarehe 1. Sentensi ni ndefu zaidi, lakini haidanganyi.

5. Njeo nne katika mstari mmoja

Orodha nzuri ya kazi zilizopangwa huonyesha mambo manne: desturi, wakati ujao, wakati uliopita na hali ya sasa. Katika mifumo mingi ya Linux, amri ya systemctl list-timers huonyesha safu za namna hiyo: mara ijayo ni lini, umebaki muda gani, mara ya mwisho ilikuwa lini, na muda gani umepita tangu hapo. Tukiziangalia kwa jicho la mwalimu wa lugha, tunaona kuwa safu za orodha ni njeo na hali za kitenzi.

Ratiba hudai kiambishi hu-: wakala hutuma ukumbusho kila Jumatatu. Mara ijayo hudai -ta-: atatuma tarehe fulani. Mara ya mwisho hudai -li-: alituma tarehe fulani. Hali ya sasa hudai -me-: kazi imekamilika. Mwanafunzi anayechanganya -li- na -me- darasani hupoteza alama moja. Mwandishi wa mwongozo akizichanganya, msomaji hawezi kujua kama kilichoelezwa ni historia au ni hali iliyopo sasa.

Tofauti kubwa zaidi iko katika ukanushi. "Haijafanyika" na "haikufanyika" ni vitu viwili. Kiambishi -ja- kinaacha mlango wazi: wakati wake bado, tusubiri. Kiambishi -ku- kinaufunga: wakati wake ulipita na kazi haikuwa. Anayesoma "haijafanyika" atakaa atulie. Anayesoma "haikufanyika" atainuka akaangalie jenereta. Lugha yetu ina tofauti hii tayari ndani ya kitenzi kimoja, na mwandishi hana sababu ya kuipoteza kwa kuandika "bado" kila mahali.

Kwa hali za kazi tunapendekeza maneno yafuatayo, na kila moja lielezwe katika mwongozo:

Haijafanyika: wakati wake haujafika.
Inaendelea: imeanza na haijamalizika.
Imekamilika: ilianza na ikafika mwisho.
Imeshindwa: ilianza, ikakwama kabla ya mwisho.
Haikufanyika: wakati wake ulipita bila kuanza.
Imesimamishwa: mtu ameizuia isiendelee mpaka aifungue tena.

Tumeliepuka neno "imekwisha" kwa makusudi. Kazi iliyokwisha yaweza kuwa ile iliyomalizwa leo na itakayorudi wiki ijayo, au ile ambayo muda wake umekoma na haitarudi tena. Vilevile tumetofautisha "imesimama" na "imesimamishwa". Ya kwanza haitaji mtendaji, ya pili inakiri kuwa yupo aliyeisimamisha, na msomaji ana haki ya kumtafuta.

Kiambishi hu- nacho kina mtego wake. Katika vitenzi vyenye asili ya Kibantu, utata hauonekani: hutuma ni desturi, hutumi ni ukanushi wa nafsi ya pili. Lakini vitenzi vya mkopo ambavyo havibadilishi irabu ya mwisho hutupa taabu. "Hujibu barua pepe" inaweza kumaanisha kuwa kuna anayejibu kwa desturi, au kuwa wewe hujibu. "Husajili wanafunzi wapya" ni hivyo hivyo. Katika maneno mafupi ya orodha, ambapo mtendaji huachwa, maana mbili zinazopingana hukaa katika neno moja. Suluhisho ni kumtaja mtendaji kila mara: wakala hujibu, wakala husajili.

6. Nani ametenda?

Hapa tunafika kwenye suala ambalo tungependa walimu wenzetu walijadili. Tunasema "wakala ametuma" au "wakala imetuma"? Kwa kanuni ya kawaida, viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa-, na wakala kama nomino inayomtaja mtu hufuata kanuni hiyo. Programu si kiumbe. Lakini kusema "wakala imetuma" kunaweza kumfanya msomaji afikirie taasisi, na kunakwenda kinyume na mazoea ya sikio.

Sisi tunafuata sikio: wakala ametuma. Lakini tunaweka sharti. Upatanisho wa a- humpa mtendaji uhai, na mwenye uhai hudhaniwa kuwa mwenye wajibu. Orodha ikisema "wakala aliamua kuwaondoa wanafunzi watano katika kundi", yule aliyetoa maelekezo ametoweka katika sentensi. Mwanafunzi aliyeondolewa atakwenda kumlalamikia nani? Kwa hiyo kila kazi katika orodha iwe na mstari unaomtaja mwenye kazi, yaani mtu au ofisi iliyoipanga, na mwongozo useme wazi kuwa wakala hutenda kwa niaba ya mwenye kazi. Ndiyo maana halisi ya neno wakala, na hatupaswi kuiacha ipotee.

Jambo hili linahusu pia maelekezo yenyewe, ambayo orodha nzuri huyaonyesha kama yalivyoandikwa. Wakala akifanya kazi usiku hana wa kumuuliza maana. Tazama agizo hili: "Mtumie mwalimu orodha." Tunalielewa kuwa mpelekee mwalimu orodha. Lakini "mtumie" hutokana na tumia, ambacho ni kauli ya kutendea ya tuma na pia ni kitenzi kinachojitegemea chenye maana ya kufanyia kazi. Aidha, mtumie yaweza kuwa nafsi ya pili wingi: ninyi mtumie. Binadamu huchagua maana kwa kuutazama uso wa msemaji. Kwa wakala tuandike: Mpelekee mwalimu wa fasihi orodha ya waliohudhuria kwa barua pepe. Maneno kama kesho, wiki ijayo na wale wanafunzi nayo yaepukwe, kwa kuwa agizo litakalosomwa kila Jumatatu halina kesho moja.

7. Mfano

Tukikusanya yote hayo, mstari mmoja wa orodha na maelezo yake unaweza kuandikwa hivi:

Kazi: Kuwakumbusha wanafunzi wa mwaka wa pili kuleta insha.
Mwenye kazi: Mratibu wa mwaka wa pili.
Ratiba: Wakala hutuma ukumbusho kila Jumatatu, saa 2:00 asubuhi (08:00), saa za Juba.
Mara ya mwisho: Alituma Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026.
Mara ijayo: Atatuma Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026.
Hali ya mara ya mwisho: Imekamilika.
Ikipitwa na wakati: Haifidiwi. Mwenye kazi aitume mwenyewe.
Kuisimamisha: Mwenye kazi au mkuu wa idara anaweza kuisimamisha wakati wowote.

Mistari hiyo minane inasomeka na mtu ambaye hajawahi kusikia neno cron. Anajua nini kitatokea, lini, kwa idhini ya nani, na amwendee nani kama hakitaki. Mwongozo mzima ni upanuzi wa mistari hiyo.

Hitimisho

Katika makala haya tumeeleza kuwa orodha ya kazi zilizopangwa ndiyo dirisha la binadamu kuona kile ambacho wakala wa akili unde atafanya wakati yeye hayupo. Tumeonyesha kuwa dirisha hilo linaweza kufunikwa na ukungu wa saa, siku, njeo na upatanisho, na kwamba ukungu huo huondolewa kwa sarufi tunayoifundisha. Tunawahimiza walimu wasilione somo hili kuwa la watu wa kompyuta peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kutofautisha haijafanyika na haikufanyika ana nafasi ya kazi katika ofisi ambazo, miaka michache tu iliyopita, hazikuwa na haja naye.

Zoezi kwa wanafunzi

(a) Andika kwa Kiswahili kamili ratiba hizi: 30 14 * * 3 na 0 2 * * 5. Taja saa kwa njia zote mbili.
(b) Mwenzako wa Kampala amepanga kazi ifanyike saa moja asubuhi kwa saa za kwao. Juba itakuwa saa ngapi? Kwa UTC je?
(c) Tunga sentensi tatu zenye vitenzi vya mkopo ambavyo kiambishi hu- kinaleta utata, kisha uuondoe utata huo.
(d) Jadilini katika makundi: wakala ametuma au wakala imetuma? Toeni sababu za kisarufi, kisha sababu zisizo za kisarufi.